MTORO ALIKUWA NI MALI YA NANI?

Neno mtoro siku hizi hutumiwa kwa kijana anayekwepa chuo akaenda kuogelea. Mwalimu hutuma wenziwe wamshike, hupata bakora mbili tatu, na mambo huisha. Walipolitamka neno hili wazee wa wazee wetu, katika Mombasa, Takaungu, Malindi na Lamu, halikuwa neno la mzaha. Mtoro alikuwa ni mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Na kwa kulitamka tu, mtu alikuwa amekwisha kutoa hukumu, kwamba huyu aliyekimbia ana mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo ndiye aliyedhulumiwa.

Hukumu hiyo ndiyo tutakayoitazama katika somo hili. Katika darasa ya Hadithi tumefika kwenye mapokezi ya Jarir bin Abdullahi (R.A.), yaliyomo katika Sahihi ya Imamu Muslim, ambayo maana yake ni kwamba mtumwa akitoroka Sala yake haikubaliwi. Baadhi ya ndugu wakauliza: basi wale watoro wa pwani yetu, ambao wengi miongoni mwao walikuwa Waislamu na wakisali huko huko msituni walikojificha, Sala zao zilikwenda wapi? Swali hili haliwahusu waliokwisha kufa peke yao. Wajukuu wa watoro wasali nasi safu moja, na wajukuu wa mabwana kadhalika, na wako wengi ambao ni wajukuu wa wote wawili, ijapokuwa katika kutaja nasaba hutajwa upande mmoja tu.

Yafaa kwanza tujue watu hawa walifikaje. Mashamba makubwa ya mtama na ufuta ya Malindi na Takaungu yalistawi tangu miaka ya 1860, baada ya Sayyid Majid wa Unguja kuufufua mji wa Malindi. Mashamba yalitaka mikono, na mikono ililetwa kutoka kusini: Wayao, Wanyasa na wengineo, watu waliotekwa katika nchi za Ziwa Nyasa na bara ya Kilwa, wakatembezwa kwa miguu hata pwani, kisha wakapakiwa majahazini. Mwaka 1873 Sayyid Barghash, kwa kushurutishwa na Waingereza, alikataza kusafirisha watumwa baharini, akalifunga na soko la Unguja. Wachuuzi wakageuza njia, wakawa wapita nchi kavu kuifuata pwani, mpaka amri nyingine ya mwaka 1876 ikakataza na misafara hiyo. Wala si wote waliotoka mbali. Katika njaa ya mwaka 1884 wako Wamijikenda waliowaweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani ili wapate nafaka, na mtoto asipokombolewa, rehani ikageuka utumwa. Huyu baba yake alikuwa kaya ya jirani, akijulikana kwa jina lake.

Sasa tuirudie Hadithi. Imamu Nawawi, ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafii twamtegemea sana, ameeleza kuwa kutokukubaliwa Sala ni jambo moja na kutokusihi ni jambo jingine. Aliyesali kwa masharti yake ameiondoa faradhi shingoni mwake, bali thawabu ndizo anazonyimwa. Hilo ni la kwanza, na lingetosha kuwanyamazisha wale waliokuwa wakiwaambia watumwa kwamba mtoro ni sawa na asiyesali. Lakini liko lililo kubwa zaidi. Hadithi yasema juu ya mtumwa. Je, mtumwa ni nani?

Sharia haikuuacha mlango huu wazi kila mwenye kamba na bunduki akauingia. Msingi ni kwamba asili ya mwanadamu ni uhuru, na asili hiyo haiondoki kwa dhana wala kwa rangi ya ngozi, bali kwa sababu iliyothibiti: kutekwa katika vita vya haki, vilivyosimamiwa na Imamu wa Waislamu kwa masharti yake. Basi na atwambie mwenye kujua: ni Imamu gani aliyetangaza jihadi juu ya vijiji vya Nyasa? Ni nani aliyewapelekea watu wale wito wa dini kabla ya kuwachomea nyumba zao alfajiri? Msafara wa wachuuzi wa pembe na watu si jeshi la Waislamu, hata kama mkuu wake amevaa kilemba. Na amepokea Imamu Bukhari, kwa njia ya Abu Hurayra (R.A.), Hadithi ambayo Mwenyezi Mungu awataja watu watatu atakaokuwa Yeye mwenyewe hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyemwuza aliye huru kisha akala thamani yake. Hadithi ya Jarir ilisomwa sana katika pwani hii. Hii ya Abu Hurayra iko katika vitabu vile vile, lakini haikuwafaa wenye mashamba.

Atasema mtu: bwana wa Malindi hakumteka mtu, alinunua kwa fedha yake, kwa nia njema, mbele ya mashahidi. Twamjibu kwa mfano wa mjini. Mtu akinunua punda pale Lamu, kisha akatokea mwenyewe na mashahidi wake kwamba punda yule aliibwa, kadhi hatamwambia mwenyewe arudi zake kwa kuwa mnunuzi ana nia njema. Punda atarudishwa, na mnunuzi atamfuata mwizi kwa fedha yake. Ikiwa hayo ni katika punda, itakuwaje katika mwanadamu, ambaye mwenyewe aliyeibiwa ndiye huyo huyo aliyesimama mbele yako na ulimi wake kinywani? Hata ushahidi haukuwa mgumu kupatikana. Yatosha kumwuliza, "Wewe umezaliwa wapi, na umefikaje hapa?" Swali hili ndilo lililoogopwa.

Wala maneno haya si uzushi wa zama zetu wala mafunzo ya Wazungu. Ahmad Baba wa Timbuktu, aliyefariki mwaka 1627, aliulizwa juu ya watu weusi waliokuwa wakiuzwa katika masoko ya jangwani, naye katika jawabu lake la mwaka 1615 akakanusha kabisa kwamba weusi ni sababu ya utumwa. Na katika Morocco, Sheikh Ahmad bin Khalid al-Nasiri aliandika kulaumu biashara hii, akishika hoja ya kwamba asili ya watu ni uhuru na anayedai kinyume ndiye wa kuleta uthibitisho. Al-Nasiri alifariki mwaka 1897, mwaka ule ule ambao Unguja na Pemba zilipigiwa mbiu ya kuuondoa utumwa katika sheria, kwa amri iliyosukumwa na konseli wa Kiingereza. Lau sauti ya namna ya al-Nasiri ingalitangulia kusikiwa katika mimbari zetu, historia ya miji yetu ingalisomeka vingine.

Natija ya hoja hii ni kwamba Myao aliyezaliwa huru, akaibwa, akauzwa mara tatu nne, kisha usiku mmoja akaondoka shambani, huyo hakuitoroka mali ya mtu. Yeye ndiye mali iliyoibwa, na yeye ndiye mwenyewe, naye amejirudisha. Na mzalia, aliyezaliwa hapa hapa na mama aliyeibwa, hukumu yake yaifuata hukumu ya mama yake. Dhuluma haiwi halali kwa kuzaa.

Lakini hoja ikishathibiti kitabuni, haikumwondolea mkimbizi uzito wa aliyokuwa akiyaacha. Mtazame suria. Kwa sharia, akimzalia bwana wake, mtoto ni huru kamili, na mama hauziki tena, na huwa huru siku bwana anapokufa. Basi mwanamke huyu alipopata nafasi ya kukimbia, mizani yake ilikuwa hivi: akikaa, uhuru wake umefungwa na mauti ya mtu mwingine, lakini mwanawe yu karibu naye; akienda peke yake, uhuru wake ni usiku ule, na mwana atabaki katika nyumba ambayo yeye ni mwungwana; na akimchukua, amemtoa mwanawe katika uungwana na kumtia katika utoro, alale misituni na aogope kila mtu apitaye. Hapana fatwa itakayomchagulia. Sisi hatumlaumu aliyekaa, wala hatumlaumu aliyekwenda. Twasema tu kwamba aliyeifunga kamba hiyo shingoni mwa mama si mama. Hata amri ya mwaka 1897 iliwaacha masuria nje, na huko Unguja hawakutiwa katika uhuru huo mpaka mwaka 1909.

Alikuwako pia yule aliyebaki shambani na kujua njia mwenzake aliyoishika. Asubuhi msimamizi hupanga watu mstari, akauliza. Aseme kweli? Jawabu lake limo katika Riyadhu Swalihin, kitabu kinachosomwa baina ya Magharibi na Isha katika misikiti yetu mingi: Imamu Nawawi asema kwamba Mwislamu akijificha kwa kumkimbia dhalimu anayetaka kumwua au kumchukulia mali yake, na mtu mwingine akaulizwa, basi ni wajibu kusema uwongo ili kumficha. Ikiwa ni wajibu kwa ajili ya mali, kwa nafsi nzima ya mtu yapasa zaidi. Huenda mtumwa wa Takaungu asiyejua kusoma, aliyesema, "Sikumwona, bwana," alikuwa ameifuata sharia kuliko bwana wake mwenye juzuu mkononi.

Na wakimbilie wapi? Hapa ndipo palipo uchungu wa habari hii, na tusiupite kwa haraka. Kila kimbilio lilikuwa na ushuru wake. Witu, Sultani Ahmed aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabhani, aliwapokea watoro na kila aliyekuwa na ugomvi na Unguja. Lakini watu wa Witu wakaishi kwa kuyashambulia mashamba ya jirani, na katika mashambulizi hayo walichukua watu wakawauza. Mtu aliyekimbia kamba akawa ashika ncha ya pili ya kamba ile ile. Gasi, kwa Mbaruk bin Rashid, mtoro alipewa bunduki na vita vya bwana mpya. Katika nchi ya Wagiriama palikuwa na Fuladoyo, kijiji kilichoanza yapata mwaka 1879 kwa mikono ya Wagiriama wachache walioingia Ukristo, kikajaa watoro. Mmoja katika viongozi wake, David Koi, aliuawa mwaka 1883 kwa sababu ya kuwahifadhi, na wengi katika watu wake wakahamia Rabai.

Na palikuwa na misheni zenyewe: Rabai, Ribe, Jomvu, na Frere Town iliyoanzishwa mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ambayo kengele yake imepapa mahali pale jina la Kengeleni hata leo. Frere Town iliwekwa kwa ajili ya mateka walionyang'anywa majahazini na manowari za Kiingereza. Haikuwekwa kwa ajili ya watoro. Wamisheni walikuwa na kanuni ya kutowapokea, kwa kuwa sheria ya nchi ilikuwa ya Sultani nao walikaa kwa idhini yake. Na mwaka 1880, watu wa Mombasa walipoona watoro wazidi kuingia, walitishia kuivamia. Wala tusidhani kwamba huko ndani mlikuwa na raha tupu. Mwaka 1881 ilibidi serikali ya Kiingereza ichunguze viboko na vifungo alivyokuwa akiwatia watu msimamizi wa Frere Town, Bwana Streeter, naye akaondolewa. Mtu akatoka katika bakora akaikuta bakora.

Wenzetu wengi husoma habari hizi kwa hasira moja tu, kwamba wamisheni waliwavuta watumwa wa Kiislamu katika dini yao. Hasira hiyo ina haki yake. Lakini ni ya nusu. Mtoro Mwislamu alipofika Rabai usiku, akijua kwamba mkate wa pale huenda na kengele, hakuwa ameacha msikiti uliofunguliwa mlango. Ukiitoa Witu na Gasi, ambako alipokewa ili abebe silaha, majina mengi yanayotajwa ya makimbilio katika pwani hii ni ya misheni na ya vijiji vya Wamijikenda. Aliyemweka Mwislamu mwenziwe baina ya dini yake na shingo yake ndiye anayestahili kuulizwa kwanza.

Katika Rabai alikuwako mtu ambaye mambo yote haya yalimkusanyikia. Padri William Jones alikuwa Myao. Alitekwa mtoto, akaokolewa baharini, akalelewa na wamisheni huko India, kisha akarudishwa pwani hii katika miaka ya 1860. Ndiye aliyeurejesha msafara wa Askofu Hannington mwapo mwaka 1886, baada ya askofu huyo kuuawa Busoga. Kanuni ya wakubwa wake ilimwambia asiwapokee watoro. Mbele yake walisimama watu wa kwao, wenye chale za kwao usoni. Akawaacha wakae. Wakajenga, wakalima, wakazaa, na kila mwaka uliopita jambo lilizidi kuwa zito, kwani kuwafukuza watu mia nyingi wenye watoto si kama kumkataa mmoja mlangoni. Twaweza kuhitalifiana na Padri Jones katika itikadi, na twahitalifiana naye. Katika jambo hili moja hatuoni alilokosa.

Mwaka 1888 mabwana wa Mombasa wakadai watu wao kwa pamoja. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa imepewa hati yake mwezi wa Septemba mwaka huo huo, nayo haikutaka kuanza kazi kwa vita. Mkuu wake, George Mackenzie, akafanya mapatano: kila mtoro aandikwe pamoja na jina la bwana wake, na bwana alipwe dola 25. Walioandikwa walizidi 1,400. Siku ya kwanza ya Januari 1889 walikusanywa Rabai wakapewa vyeti vya uhuru.

Je, malipo hayo yalikuwa halali? Wanazuoni husema kwamba anayetoa mali kumkomboa mateka kwa mtu asiye na haki juu yake hana dhambi, ikiwa hapana njia nyingine. Dhambi ni ya apokeaye. Basi Mackenzie, ijapokuwa shabaha yake ilikuwa wapagazi na amani ya biashara, hakufanya haramu. Wala mtoro aliyekipokea cheti hakukiri kwamba alikuwa mali. Alipata karatasi ya kumwezesha kwenda sokoni Mombasa bila ya kutazama nyuma, na mwenye njaa ya usalama hadai kwamba karatasi iandikwe upya. Lakini bwana aliyenyoosha mkono akapokea dola 25 kwa mtu aliyezaliwa huru, na airudie Hadithi ya Abu Hurayra.

Hatusemi kwamba mabwana wote walikuwa namna moja. Wako walioacha watu huru kwa wasia, kwa kafara ya kiapo, kwa nadhiri au kwa kutaka radhi ya Mola wao. Na Sura ya An-Nur, katika aya ya 33, imewaelekeza wenye watumwa wawaandikie mkataba wa uhuru wale wanaoutaka, ikiwa wawaona wana kheri, na juu ya hayo wawape katika mali aliyowapa Mwenyezi Mungu. Katika zama za Sayyidna Umar (R.A.) mtumwa mmoja, jina lake Sirin, alimtaka bwana wake Anas bin Malik mkataba huo, na Anas, naye alikuwa na mali nyingi, akakataa. Sirin akaenda kwa Khalifa. Umar hakumkamata Sirin kumrudisha. Alimpiga Anas kwa kiboko chake, huku akiisoma aya ile, mpaka akaandika. Mwana wa Sirin ndiye Muhammad bin Sirin, Imamu ambaye kila mwenye kuulizia ndoto hulitaja jina lake asijue kwamba baba yake alikuwa mtumwa.

Weka kisa hicho kando ya yaliyotokea kwetu. Utumwa uliondolewa katika sheria ya pwani ya Kenya mwaka 1907, na serikali ikaweka fidia. Aya yasema bwana amwongeze mtumwa kitu katika mali yake. Hapa kwetu bwana ndiye aliyekwenda bomani kudai aongezwe, na aliyelima miaka ishirini akatoka na jembe, mara nyingine hata jembe lenyewe halikuwa lake, akabaki kuwa maskwota katika shamba alilolifyeka mwenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo darasa imekubaliana nalo. Katika masanduku ya nyumba nyingi za mjini, baina ya hati za mashamba na barua za zamani, mna wasia na hati za huru zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadhi ya watu huzificha kwa haya, wengine kwa kudhani kwamba ni karatasi za bure, na mchwa hawachagui. Mwenye nazo na azilete siku ya darasa, baada ya Sala ya Isha. Zitasomwa mbele yake, zitanakiliwa, na asili itarudi naye nyumbani. Na lolote litakaloonekana humo juu ya nasaba ya mtu halitatajwa ila kwa idhini yake.